Macho ya wanaanga na macho ya siye wa mu mugodi

Siye Wakatanga, roketi si kitu kigeni kwetu. Tarehe 17 mwezi wa tano 1977, kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha roketi yake ya kwanza hapa hapa Shaba, juu ya bonde la Luvua. Haikubeba mutu. Leo kuko watu wanaokaa miezi sita mu kituo kinachozunguka dunia, kilomita 400 hivi juu yetu. Na wengi wao wanarudi na macho yamebadilika.

Kwa nini? Hapa chini uzito unavuta maji ya mwili kuelekea miguu. Kule juu hayavutwi tena, yanapanda ku kichwa, uso unavimba. Waganga wanafikiri ni hayo yanasukuma jicho kwa nyuma. Jicho linakuwa bapa, mushipa unaopeleka picha ku bongo unavimba, na kusoma kitu cha karibu kunakuwa nguvu. Mu 2011, waganga walitoa hesabu ya wanaanga 300 wa Marekani: kwa wale wa safari ndefu, 60 kwa mia waliona macho yao yamepungua, kwa wa safari fupi, 29 kwa mia. Kuko ambao hawakupona hata kiisha miaka mingi.

Wamejuaje? Juu ya kupima mbele. Mwanaanga anapimwa mbele ya kupanda, anapimwa kule juu, na akirudi wanalinganisha karatasi.

Siye je? Mwenzangu mumoja ametumika miaka 19 chini ya udongo. Siku moja akashindwa kusoma karatasi ya mushahara wake. Munganga akamuambia: "Ni myaka tu, papa." Pengine ni kweli, juu kiisha miaka 40 kila mutu anaanza kusogeza gazeti mbali. Lakini pengine ni kazi. Tukatafuta kipimo cha siku aliyoingia kazi. Tukakuta muhuri na neno moja: "apte". Macho hayakuandikwa. Basi, tutabishana na nini?

Ndugu wafanyakazi, mukienda ku munganga wa kazi, muombe macho yaandikwe kwa namba, la kuume na la kushoto. Mukamate kopi, muiweke ku nyumba pamoja na kontra. Wakati wa mabishano, karatasi ile ndiyo itasema.