Idhaa za ziada Uvira: tuzijaze nini?

Ukizungusha kitufe cha redio pale Mulongwe au Kalundu, unapata Radio Le Messager du Peuple, unapata Radio Okapi, kisha unavuka Ziwa Tanganyika bila mtumbwi: redio za Bujumbura zinaingia safi, kwa kuwa mji ule uko chini ya kilomita 30 na maji hayazuii mawimbi. Msikilizaji wa Uvira hana njaa ya sauti. Anachokosa ni redio inayokaa na jambo lake mpaka liishe.

Sababu mojawapo ni ya kiufundi. Katika FM, kila redio ina mtambo wake na masafa yake kati ya megahezi 87.5 na 108, na hapa mpakani masafa hayo tunagawana na majirani. Redio ya dijitali hupanga mambo kwa namna nyingine. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kubanwa, kisha idhaa nyingi hufungwa pamoja katika wimbi moja, maltipleksi, kama boti moja ya Kalundu inavyobeba mizigo ya wafanyabiashara wengi. Katika mfumo wa DAB+, wimbi lenye upana wa megahezi 1.5 lina nafasi ya kilobiti kama 1,150 kwa sekunde. Idhaa ya muziki ikitaka sauti nzuri huchukua kilobiti 64 au zaidi, lakini ya maongezi hutosheka na 32. Mfumo mwingine, DRM, unaweza kukaa ndani ya bendi ileile ya FM na kubeba hadi idhaa tatu kwa wimbi moja.

Kwa hiyo maongezi ni rahisi kuyabeba, nayo ndiyo tunayoyahitaji. Hata hivyo, idhaa mpya zinapopatikana, wenye redio hukimbilia muziki unaochezwa na kompyuta, kwa kuwa hauna gharama ya watu. Vituo vingi vya Marekani vilifanya hivyo na idhaa zao za pili na za tatu baada ya HD Radio, mfumo wao wa dijitali, kuruhusiwa mwaka 2002. Lakini mwaka huohuo BBC ilianzisha 6 Music, idhaa ya dijitali tu, kwa kundi dogo la wapenzi wa muziki ambao redio kubwa hazikuwapa nafasi. Wakuu walipotaka kuifunga mwaka 2010, wasikilizaji waliipigania mpaka ikabaki. Mtu huipigania redio ambayo akiikosa hana nyingine ya kukimbilia.

Uvira, ningeanza na idhaa ya ziwa.

Redio ya jamii ya leo inamhudumia kila mtu kwa zamu: habari, komunike za misiba, mahubiri, salamu, mpira. Mvuvi hupata dakika chache, tena mchana, wakati amelala. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina kazi na mitumbwi hupumzika. Basi ratiba ya idhaa hii isifuate Jumatatu na Jumanne, ifuate mwezi. Katika usiku wa giza, izungumze kuanzia jioni juu ya upepo na mawimbi, hasa msimu wa kusi kati ya Mei na Septemba, na iendelee kuwapo hewani usiku wote na watu walio majini. Alfajiri ihamie ufukweni: ndagala na mukeke wametoka kwa wingi gani, beseni linauzwa bei gani Kalundu, Makobola na Baraka, faranga ya Burundi inabadilishwa vipi leo, mpaka wa Kavimvira umefunguliwa au la. Mama anayenunua samaki ili akawauze Bukavu anafanya hesabu hizo kabla jua halijatoka, na kwa sasa anazifanya kwa kupiga simu huku na huku.

Zikija siku za mbalamwezi, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Huo ndio wakati wa vipindi virefu: mikopo, ushuru, sheria, afya. Uvira tunayo hazina ambayo miji mingi ya ziwa haina, Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, chenye wataalamu wanaolijua ziwa hili. Waulizwe moja kwa moja na wavuvi kwa nini samaki wanapungua. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Agizo la namna hiyo likimfikia mvuvi kupitia askari peke yake, huzaa ugomvi, lakini likijadiliwa wiki nzima kwa sauti za wavuvi wenyewe linaweza kueleweka.

Idhaa hiyohiyo ndiyo ya kutoa tahadhari. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Mvua inayonyesha milimani juu yetu hushuka haraka kuliko habari. DRM ina uwezo wa kuhamisha redio zilizowashwa ziende zenyewe kwenye idhaa ya dharura na kuonyesha maandishi. Lakini chombo hicho ni bure kama hakuna mtu mlimani mwenye simu, anayejulikana na studio, ambaye neno lake linaaminiwa saa nane za usiku.

Kuhusu lugha nina hofu, nami naisema wazi. Idhaa zikiwa nyingi, wazo la kwanza litakuwa kuipa kila jamii yake: Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge. Wazee wanastahili kusikia habari za afya kwa lugha wanayoiota. Lakini eneo letu linakumbuka RTLM, redio iliyoanza kusikika Rwanda Julai 1993 na kuchochea mauaji ya mwaka uliofuata. Hapa kwetu pia maneno dhidi ya jirani yameua. Ningetaka idhaa moja ya lugha zote, kila lugha na saa zake, mada moja kwa wiki nzima, na kila Jumamosi muhtasari kwa Kiswahili katika idhaa kuu, ili kila jirani ajue mwenzake ameambiwa nini.

Idhaa nyingine ningeitenga kwa masomo, nayo ina mfano wa karibu: korona ilipofunga shule mwaka 2020, Radio Okapi ilirusha masomo kupitia Okapi École.

Vipokezi ndiyo shida kubwa kuliko zote. FM iliyo ndani ya simu haipokei DAB+ wala DRM, na redio mpya ni ghali kwa anayenunua chumvi kwa kipimo. Ndiyo maana vipindi vitangulie mtambo. Saa za usiku ambazo FM zimelala zipewe idhaa ya ziwa tangu sasa, na vipindi virefu vinakiliwe kwenye kadi memori na kusambazwa pale wanapochajia simu. Redio za kwanza za dijitali ziwekwe ufukweni, zenye spika na sola, wasikilize wengi.

Mtambo wenyewe si lazima uwe wa mamilioni. Kuanzia mwaka 2015 Uingereza ilijaribu DAB ya mitambo midogo katika miji 10, kwa kompyuta za kawaida na programu huria, na redio ndogo zikagawana gharama. Redio za Uvira zinaweza kuunda chama kimoja na kuomba kibali pamoja.

Ila maltipleksi ina udhaifu ambao FM haina: ufunguo mmoja huzima idhaa zote. Bukavu ilitekwa Februari 2025, serikali ya jimbo ikahamia kwetu, na Desemba mwaka huohuo vita ikaingia Uvira yenyewe. Kwa hiyo chama kiwe na mitambo miwili midogo, mahali pawili mbalimbali, na mkataba uandike nani anaruhusiwa kuizima na mbele ya mashahidi gani. Na kila redio ibaki na mtambo wake wa FM ukifanya kazi, pamoja na mafuta ya jenereta.