Fahamu: Tembo wa Amboseli anapovuka mpaka

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa kibali, na mgeni hulipa makumi ya maelfu ya dola kumwinda tembo mmoja. Ila tembo wa Amboseli, nchini Kenya, huvuka hadi Enduimet, wilayani Longido, Tanzania, na kati ya 2023 na 2024 madume kadhaa wenye pembe kubwa walipigwa risasi huko.

Watetezi wa uwindaji husema fedha hizo hulipa askari wa wanyamapori na kuvinufaisha vijiji. Hoja ina uzito: mkulima aliyeliwa mahindi usiku hali picha za watalii. Lakini dume aliyepita miaka 40 ndiye anayezalisha zaidi, na madume vijana hujifunza kwake. Nairobi na Dodoma ziandikiane mkataba kuhusu kundi hili, kabla ya msimu ujao.