Yuko intamba tusiyemjua



Sisi tuliotoka Mutoyi, iwe upande wa Gitega au wa Muyinga, jina intamba tunalijua tangu utoto. Hata timu yetu ya taifa inaitwa Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani. Mwaka 2019 ilifika Kombe la Afrika kule Misri, mara ya kwanza kabisa.

Lakini yuko intamba mmoja ambaye wengi wetu hatujamsikia, na duniani amebaki mchache: mbayuwayu wa buluu. Ukimwona mbali utasema ni mweusi. Jua likimpiga, anang'aa buluu. Dume ana manyoya mawili marefu mkiani, membamba kama nyuzi.

Ajabu yake ni nyumba. Huyu hajengi chini ya paa. Anaingia shimoni ardhini, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama anayekula mchwa. Humo ndani anabandika ukutani kiota cha udongo na majani. Kwa hiyo watu wakimmaliza muhanga, mbayuwayu naye anakosa pa kulala watoto wake.

Huku Tanzania anazaa kwenye nyanda za juu za kusini, kama Kitulo, ambako wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Anazaa majira ya mvua. Ikifika Aprili hivi anahama kwenda kaskazini, Uganda na magharibi mwa Kenya, mpaka hifadhi ya Ruma karibu na Ziwa Victoria. Septemba anarudi.

Basi shida iko hapo. Anahitaji makao mawili, na yote yawe na majani mazima, maana anakula wadudu anaowakamata akiruka juu ya majani. Kule anakozalia, majani mengi yamegeuzwa mashamba, chai na misonobari. Kule anakohamia, watu pia wanalima. Ukilinda upande mmoja tu, bado hajapona. Afrika Kusini zimebaki jozi zisizofika 100.

Wazazi, intamba wa kawaida akijenga kwenye paa lako, mwache. Anakupunguzia mbu na nzi. Na ninyi watoto, msitupie kiota mawe. Muulizeni bibi au babu: kule kwetu intamba walikuwa wanakuja mwezi gani?