Kigae cha Bei Nafuu na Mizani ya Shule

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama kabla ya kuingia wilaya ya Biharamulo huko Nyakanazi na Lusahunga. Kutoka hapo huendelea katika wilaya ya Ngara hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Kwa njia hiyo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja, husafirishwa vigae vya sakafu vinavyouzwa madukani katika wilaya hizo mbili. Vingine hutengenezwa nchini, katika viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na vingine hutoka ng'ambo. Mafundi huviita marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe lichimbwalo ardhini, na vigae hivi ni udongo uliochomwa.

Jamaa iliyouza kahawa au ndizi na kuamua kutandika vigae katika chumba kimoja hainunui mara mbili. Sakafu ikipasuka, fedha za mavuno zimekwisha. Dukani, hata hivyo, mnunuzi huonyeshwa mambo mawili tu, bei na mng'aro, na yote mawili hayasemi lolote juu ya uimara wa kigae.

Kigae cha kawaida kina sehemu mbili: mwili wa udongo, na utando mwembamba wa kioo ulioyeyushiwa juu yake. Rangi na mng'aro ni vya utando. Nguvu ni ya mwili. Katika tanuri, joto likizidi nyuzi 1,000 za sentigredi, baadhi ya madini ya udongo huyeyuka na kuziba nafasi zilizo kati ya chembe. Kadiri nafasi hizo zinavyozibwa, ndivyo kigae kinavyokuwa kigumu na ndivyo kinavyokunywa maji machache. Wengi hudhani kwamba kigae chenye mwili mwekundu ni hafifu kuliko cheupe. Dhana hiyo si sahihi. Wekundu huo ni oksidi ya chuma, ileile inayoupa rangi udongo wa mashamba ya Ngara.

Basi swali la kwanza ni hili: kigae hunywa maji kiasi gani? Jibu laweza kupatikana katika maabara ya shule ya sekondari. Kipande cha kigae kilichovunjika hukaushwa katika joto mpaka uzito wake usipungue tena, kisha hupimwa. Hutiwa ndani ya maji, huchemshwa kwa saa mbili na kuachwa humo kwa saa nne kipoe. Hatimaye hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kupimwa tena. Tuseme kipande kikavu kilikuwa gramu 250.0, na baada ya kunywa maji kikawa gramu 267.5. Ongezeko ni gramu 17.5, yaani asilimia 7 ya uzito mkavu. (Katika mwinuko wa meta 1,500, ambao sehemu nyingi za Ngara huuzidi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Jambo hilo haliharibu ulinganisho, maadamu vipande vyote vimo katika sufuria moja.)

Kiwango cha kimataifa ISO 13006 huvigawa vigae kwa hesabu hiyohiyo. Visivyozidi asilimia 3 ni kundi la kwanza. Kati ya 3 na 10 ni kundi la pili. Vinavyozidi 10 ni kundi la tatu, ambalo kwa kawaida ni la kutani. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kigae cha ukutani ni chepesi, kizuri na rahisi; kikilazwa sakafuni, mguu wa kitanda waweza kukivunja. Kigae cha asilimia 7 si cha daraja la juu, lakini chafaa sana kwa sebule ya nyumba ya kawaida.

Tarakimu hiyo humfaa pia fundi. Saruji haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji kikemikali. Kigae chenye vinyweleo vingi kikilazwa kikavu huyanyonya maji hayo, na saruji iliyo chini yake hubaki unga. Ndiyo sababu vigae vya namna hiyo hulowekwa kwanza. Kinyume chake, kigae cha kundi la kwanza kisichonywa maji karibu kabisa hakishikwi vema na uji wa saruji, kwa kuwa hauna mahali pa kupenya. Hicho huhitaji gundi maalumu ya vigae. Yawezekana, kwa hiyo, mtu akanunua kigae kilicho bora na cha ghali, akakilaza kwa saruji tupu, kisha kikabanduka mapema kuliko cha jirani yake.

Utando wa kioo una adui wake. Vilima vingi vya Ngara vina miamba ya kwazaiti, na mchanga wake ni kwazi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812. Ncha ya kisu cha chuma, yenye ugumu wa 5 na nusu hivi, mara nyingi haiachi alama juu ya kigae, na wauzaji hupenda kuonyesha jaribio hilo. Mchanga ulio chini ya viatu ndio mtihani wa kweli. Yafaa kusugua kipande kwa mchanga wenye unyevu mara mia moja, kisha kudondosha wino na kuufuta. Wino ukibaki, utando umekwaruzika.

Majaribio mengine hayahitaji maabara. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kigae nacho, kikiwa na ufa, hutoa mlio mzito. Vigae viwili vikiwekwa uso kwa uso, visiyumbeyumbe. Kilichomwagiwa maji kisiteleze mno, hasa palipo na wazee. Katika boksi itazamwe alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, na namba ya rangi na ya kipimo, ambazo hazina budi kulingana katika maboksi yote.

Chumba cha meta 3 kwa 4 kina meta 12 za mraba. Kigae cha sentimeta 40 kwa 40 hufunika meta 0.16, hivyo vinahitajika 75. Kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika huongezwa sehemu moja ya kumi, jumla 83. Vinavyosalia huwekwa akiba, kwa maana shehena ya mwaka ujao haitakuwa na rangi ileile. Kimojawapo chaweza kupelekwa shuleni.