UZI: Ushuru wa mafuta ya taa na ile chupa ya soda chini ya meza

1/ Kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei, ngoma ni ileile. Huku: "Mnamkandamiza maskini!" Kule: "Mafuta ya taa ni machafu, watu wahamie gesi." Hapa hatutaji mtu wala chama. Leo tumwangalie mtu ambaye pande zote mbili humsahau: mtoto aliye ndani ya hiyo nyumba.

2/ Historia kidogo. 2018 iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lengo lilikuwa kuwazima wajanja waliokuwa wanayachanganya na dizeli kwa sababu yalikuwa bei nafuu. Afya ya watoto haikuwa ndiyo hoja.

3/ Gesi nayo: VAT iliondolewa 2016. Julai 2021 ikarudi, asilimia 16. 2022 ikashushwa hadi 8. 2023 ikaondolewa tena. Kwa hivyo kuna kipindi mafuta ya taa yalikuwa na tozo na gesi nayo ina VAT. Mama anaambiwa ahame. Ahamie wapi?

4/ Sasa ingia nyumbani. Ukiwa na pesa ya leo tu, hununui lita tano. Unabeba chupa, unapimiwa ya kupika jioni. Chupa gani? Ya soda ama ya maji. Chumba ni kimoja, kabati hakuna, chupa inakaa chini ya meza.

5/ Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ya soda huwa na soda. Akishikwa na kiu, anakunywa. Si ati ni mtundu, na si ati mamake ni mzembe.

6/ Hatari kubwa iko kwenye mapafu. Mafuta ya taa ni mepesi, mtoto akipaliwa yanateleza hadi huko na kuyaumiza vibaya. Ndiyo maana USIMTAPISHE. Usimpe maziwa ama chumvi ili atapike. Yakipanda tena, yanapata nafasi ya pili kuingia mapafuni.

7/ Fanya hivi: mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkimbize hospitali na ubebe ile chupa. Hata akionekana sawa, nenda. Kukohoa, kupumua mbiombio ama kusinzia kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

8/ Kuzuia: tenga jerikeni moja ya mafuta, isiyofanana na chombo chochote cha kunywea, ikae juu, mbali na mkono wa mtoto. Ukiwasha stovu, fungua dirisha. Jiki ya kupimiwa nayo ni hivyo hivyo. Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu.

9/ Kuna wale watasema, "Basi shida ni elimu, si siasa." Nusu ukweli. Afrika Kusini, miaka ya 1990, familia za eneo moja zilipewa vyombo vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Visa vya watoto kunywa mafuta ya taa vilipungua karibu nusu. Wazazi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni chombo.

10/ Na chombo ni suala la sera. Mtu akija kuomba kura na hoja ya bei ya mafuta, muulize:
– Ukipandisha mafuta ya taa, gesi ya mtungi mdogo itashuka kwa njia gani?
– VAT ya gesi itabaki ilivyo kwa miaka mingapi?
– Nani atagharamia vyombo salama kwa wanaopimiwa?
– Zahanati ya wadi yetu ina oksijeni?

11/ Akijibu "tutawasaidia wananchi," hajajibu. Anayetaka ushuru ushuke ana hoja. Anayetaka watu waache mafuta ya taa ana hoja pia. Lakini bei ikipanda ama ikishuka, usiku wa leo bado kuna chupa chini ya meza.

12/ Kabla ya kurudi kubishana kwa maoni, amka uangalie yako iko wapi. Kisha umtumie jirani hii namba 6.