Ziwa moja, mistari mitatu

Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakaipita kidogo rekodi iliyokuwa imesimama tangu Mei 1964. Wakazi wa mialo kuanzia Kisumu hadi Mwanza hawakusubiri kuambiwa, kwani maji yalishafika mlangoni. Lakini mtu aliyechukua simu siku hizo atafute kina cha ziwa mtandaoni angeweza kukutana na namba zisizofanana hata kidogo. Chati moja husema mita 13 na ushei. Nyingine husema mita 1,136, kwa kuhesabu kutoka usawa wa bahari. Nyingine tena hutoa tarakimu ndogo tu, juu au chini ya sifuri, kwa sababu hupima ziwa limeachana kiasi gani na wastani wake wa miaka kadhaa.

Zote zinasema kweli, na maji ni yaleyale. Kinachotofautiana ni mahali kila mpimaji alipoiweka sifuri yake. Ukiibandika mistari hiyo mitatu kwenye chati moja bila kuitengeneza, mmoja utaning'inia juu kabisa na miwili italala chini imenyooka kama uzi, na msomaji ataapa kwamba ziwa halijawahi kupanda wala kushuka.

Dawa yake inajulikana. Vipimo vya Jinja vina zaidi ya karne moja. Setelaiti za kupima kimo cha maji zilianza kazi hiyo mwaka 1992, zikirudi juu ya njia ileile kila baada ya siku kumi hivi. Kwa hiyo kuna miaka mingi ambayo nguzo ya kipimo ya Jinja na setelaiti zilipima kwa pamoja. Unachukua miaka hiyo, unatafuta tofauti ya wastani kati ya vipimo viwili, kisha unausogeza mstari mmoja kwa kiasi hicho. Halafu unaandika palepale chini ya chati kwamba umeusogeza, na kwa kiasi gani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi, na mimi naihesabu kuwa kosa kubwa: msomaji ana haki ya kujua mkono wa mchoraji ulipogusa.

Kwa nini tuhangaike kuweka mistari mingi pamoja? Jibu liko kwenye miaka ya 2004 hadi 2006. Ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Ukiwa na mstari wa kina peke yake, unaona unaporomoka, basi. Ukiongeza mvua, unaona ukame, na ungeweza kuridhika hapo, maana sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa hili huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ni mstari wa tatu, wa maji yanayotoka ziwani, unaokataa uridhike. Tangu bwawa la umeme la Owen Falls lizinduliwe mwaka 1954, maji yanayotoka Jinja kuingia Nile yalipaswa kufuata mkataba uliofunga kiasi cha kutoka na kina cha ziwa, kama maporomoko ya asili yalivyokuwa yakifanya. Katika miaka ile ya ukame, maji yaliyoachiwa kuzalisha umeme yalizidi kiwango hicho. Wataalamu waliochambua hesabu waliona kwamba karibu nusu ya kushuka kule ilitokana na maji hayo ya ziada. Mjadala wa nchi tatu zinazopakana na ziwa ulikuwa umejificha kwenye mstari mmoja ambao chati nyingi hazikuuchora.

Sasa, mvua hupimwa kwa milimita, kina kwa mita, maji yanayotoka kwa mita za ujazo kwa sekunde. Njia ya mkato ni kuweka mhimili mmoja kushoto na mwingine kulia. Naipinga. Anayechora mihimili miwili anaweza kuivuta na kuibana hadi mistari ikumbatiane au ikimbiane apendavyo, na mahali inapokatana pana mvuto mkubwa machoni ilhali hapana maana yoyote. Afadhali vijichati vitatu, kimoja juu ya kingine, vyenye kalenda moja. Hapo ndipo tovuti inaishinda karatasi: unagusa mwezi mmoja, mstari wa wima unashuka kupitia vyote vitatu na kukuonyesha thamani ya kila kimoja kwa wakati uleule.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kazi nzuri. Siku ambayo kipimo hakikusomwa lazima ibaki pengo. Programu ikiisoma kama sifuri, ziwa linakauka kwa siku moja na kujaa kesho yake. Nyekundu na kijani kwa baadhi ya wanaume ni rangi moja, kwa hiyo jina la mstari liandikwe kando ya mstari wenyewe, hasa kwa msomaji wa simu ambaye ufunguo wa rangi umemkimbilia chini ya skrini. Na maelezo yasiyotokea mpaka upitishe kishale cha kipanya hayamfikii mvuvi anayetumia kidole.

Zitazame chati hizo tatu kuanzia Oktoba 2019. Mvua inaruka juu kwanza, vuli ile ambayo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kupita kawaida. Kina kinaanza kupanda taratibu nyuma yake. Inaingia masika, mvua inaongezeka tena, na kilele cha ziwa hakiji hadi Mei. Kati ya mruko wa kwanza wa mvua na maji kufika mlangoni pana zaidi ya miezi sita, na nafasi hiyo inaonekana wazi kwenye kioo cha simu ya mtu ambaye bado hajahamisha vyombo vyake.