Unga Umetoka, Mafuta Yameingia: Hesabu ya Mwili Unaogoma Kupungua

Sahani ya ugali wa kushiba, gramu 400 hivi, hupikwa kwa unga wa gramu 150. Unga huo una kalori 540. Pakiti ya kilo mbili ikiuzwa shilingi 150, sahani hiyo imegharimu shilingi 11 kabla ya kuhesabu makaa. Uzunguke soko la Toi kule Kibera, Nairobi, uvuke hadi vibanda vya Kawangware 46, hutapata chakula kingine kinachoshibisha mtu mzima kwa bei hiyo. Kwa hiyo anayeamua kuacha ugali, chapati na mandazi ili apunguze mwili anaacha chakula cha bei rahisi kuliko vyote mtaani. Mwezi wa kwanza hufurahi. Mwezi wa tatu huanza kulalamika, na kufikia wa sita mizani imegoma kabisa. Majirani watasema anakula usiku kwa siri. Mimi nasema tuhesabu kwanza.

Wengi wanaozungumzia mitaa hii huwaza njaa tu, na njaa ipo kweli. Lakini uzito nao umepanda. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008 na 2009 ulikuta asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, ambayo maisha yake hayako mbali na ya Kibera, watafiti waliowapima watu mwaka 2008 na 2009 walikuta zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wako hivyo, huku wanaume wakiwa chini ya wawili. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 170,070 Kibera. Hata ukichukua sehemu ndogo tu ya hao, unazungumzia maelfu ya watu ambao daktari anaweza kuwaambia wapunguze uzito kwa sababu ya presha au sukari, na ambao hawana pesa ya kufuata orodha ya vyakula iliyoandikiwa mtu wa mtaa wa kitajiri kama Lavington.

Tuanze na mwezi ule wa furaha. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, kama gramu 500 kwa mtu mzima. Kila gramu huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba hiyo huliwa ndani ya siku chache na maji yake hutoka kwa mkojo. Nusu kilo ya glaikojeni na lita moja na nusu ya maji: kilo 2 zimeondoka, na mafuta ya mwilini karibu hayajaguswa. Siku utakayokula chapati mbili na wali, sehemu ya kilo hizo itarudi kufikia kesho yake, na hapo pia mafuta hayatakuwa yameongezeka. Watu wengi hukata tamaa kwa sababu ya maji haya tu.

Sasa tuweke mfano wa hesabu. Mama wa miaka 38, kimo mita 1.60, kilo 80, anauza mitumba Toi. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa lishe, mwili wake ukiwa umetulia tu unatumia kalori 1,450 kwa siku. Ukiongeza kusimama, kutembea na kubeba marobota, jumla inafika kama 2,170. Tuseme alikuwa anakula kiasi hichohicho, kwa hiyo uzito wake haukuwa ukipanda wala kushuka. Anaacha ugali wa usiku, kalori 540, na chapati moja ya asubuhi, kalori 300. Ametoa 840. Lakini hawezi kulala njaa, kwa hiyo anaweka mayai mawili yaliyokaangwa kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kalori 260, na nusu parachichi, kalori 160. Ameongeza 420. Upungufu wa kweli ni kalori 420 kwa siku, nusu ya ule anaodhani ameupata.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kama kalori 7,700. Kwa upungufu wa 420 kwa siku, atapoteza karibu gramu 380 kwa wiki, yaani kilo 1.6 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mizani itaonyesha kilo tatu na nusu kwa sababu ya yale maji. Mwezi wa pili itaonyesha moja na nusu. Hakuna kilichoharibika, ila yeye anaona mwili umepunguza mwendo zaidi ya nusu, na hakuna aliyemweleza.

Tumpeleke mbele mpaka amepoteza kilo 8. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo, na zaidi ya hapo hujibana wenyewe. Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kila kilo inayopotea hupunguza matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kilo 8 mara 25 ni 200. Mama wetu sasa anatumia 1,970, na bado anakula 1,750. Upungufu umeshuka kutoka 420 hadi 220, ingawa hajabadilisha chochote katika sahani yake. Kwa wiki hiyo ni gramu 200 tu.

Hao hao waliona jambo jingine zito zaidi: kila kilo inayopotea huongeza hamu ya kula kwa karibu kalori 100 kwa siku. Kilo 8 zinamsukuma mama huyu kula kalori 800 zaidi ya alizokuwa akila kabla ya kupungua. Homoni ya leptini, inayotengenezwa na mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, imepungua, na ubongo unadai kilichopotea. Naomba wanaowacheka watu wanene mtaani waitafakari namba hiyo. Anayezuia kalori 800 za njaa kila siku, huku akiwapikia watoto ugali asioula, anafanya kazi kubwa.

Na kazi hiyo anaifanya katika chumba kimoja chenye jiko moja na sufuria moja. Tonge la ugali la gramu 50 lina kalori kama 67. Matatu ya kuonja, au ya kumalizia sahani ya mtoto ili chakula kisitupwe, ni 200. Upungufu wake ulikuwa 220.

Lakini matonge si tatizo kubwa. Kubwa ni bei. Tuchukue kalori 540 za ile sahani ya ugali na tuulize zitalipwa na nini. Yai lina kalori 70. Utahitaji karibu mayai 8, na kwa shilingi 15 kila moja ni shilingi 120. Nyama ya ng'ombe ya shilingi 600 kwa kilo: gramu 216, shilingi 130. Parachichi la shilingi 20: moja na robo tatu, shilingi 35. Njugu za kukaanga za shilingi 250 kwa kilo: gramu 95, shilingi 24. Mafuta ya kupikia ya shilingi 300 kwa lita: vijiko vikubwa vinne na kidogo, shilingi 20.

Bei hizi hupanda na kushuka, na msomaji wa Gatwekera, Kibera, anaweza kunisahihisha kwa shilingi mbili tatu, lakini mpangilio wake haubadiliki. Anayebadilisha sahani mbili za ugali kwa siku akala mayai anaongeza shilingi 109 kwa kila sahani, yaani 6,540 kwa mwezi. Mwaka 2024 mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi ulipandishwa hadi shilingi 16,113. Mayai peke yake yamekula asilimia 40 ya mshahara huo, kabla ya kodi ya nyumba, maji na karo, na wako wengi Kibera na Kawangware ambao hata mshahara huo hawaufikii.

Kwa hiyo pesa inapokwisha tarehe 15, lishe ya wanga kidogo inabadilika yenyewe. Mayai mawili yanakuwa moja. Nyama inakuwa mgongo wazi wa samaki, uliochovywa kwenye mafuta mpaka ukakauka. Sukuma inakaangwa kwa mafuta mengi zaidi ili ishibishe bila ugali. Njugu za shilingi kumi zinaliwa mara mbili mchana. Hakuna wanga hapo wa kutisha, na kwa kanuni za lishe yake mama hajavunja sheria yoyote. Ila gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na gramu ya wanga ina 4. Vijiko viwili vya ziada vya mafuta ni kalori 240, na upungufu wake wa 220 umekwisha. Mizani imesimama.

Hapa ndipo ushauri unaosambaa wa kula mafuta bila kupima unapowaumiza watu wa kipato kidogo. Mwaka 2016 Hall aliwaweka wanaume 17 katika wodi ya utafiti, mwezi mmoja kwa chakula cha kawaida chenye wanga mwingi na mwezi mwingine kwa chakula kisicho na wanga karibu kabisa, kalori zikiwa sawa. Katika lishe ya pili miili iliongeza matumizi kwa kiasi kidogo tu, na mafuta hayakupungua kwa kasi zaidi. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa chuo kikuu cha Stanford alitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Waliokula wanga kidogo walipungua kilo 6.0 kwa wastani, waliokula mafuta kidogo kilo 5.3, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa. Lishe ya wanga kidogo inafanya kazi. Ila haina uchawi unaofuta kalori za mafuta.

Wengine husema basi watembee zaidi. Watu wa Kibera tayari wanatembea: wako wanaofuata reli kila asubuhi mpaka Industrial Area na kurudi jioni kwa miguu. Herman Pontzer alipopima Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaowinda na kuchimba mizizi kila siku, alikuta mwaka 2012 kwamba matumizi yao ya nguvu kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, hayapiti ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili hubana kwingine. Kutembea ni dawa ya moyo na sukari. Kwa kuvunja mgomo wa mizani, kunasaidia kidogo.

Mizani yenyewe nayo inahitaji kuhojiwa. Wengi hupimwa kwa yule kijana aliyeweka mizani kando ya barabara, leo kwenye lami, wiki ijayo kwenye udongo, na viatu na koti, baada ya chai au kabla. Lita moja ya maji ni kilo moja. Siku zinazotangulia hedhi, na mchuzi uliotiwa vipande viwili vya kiungo chenye chumvi, vinaweza kuficha mafuta yaliyopungua kwa mwezi mzima. Mtu anayepoteza gramu 200 kwa wiki hawezi kuziona kwa mizani ya namna hiyo. Jipime mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi kabla ya kula, na upime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Ikiwa wiki nne zimepita na uzito na kiuno havijasogea, hapo ndipo useme umesimama.

Ukisimama kweli, anza na kijiko. Usimimine mafuta kutoka kwenye chupa. Pima kijiko kikubwa kimoja kwa kila anayekula. Rudisha maharagwe, ambayo wengi wameyaacha kwa kuogopa wanga. Bakuli la maharagwe yaliyochemshwa lina kalori 230 na protini gramu 15, na hutoka kwenye maharagwe makavu ya shilingi 10 hivi. Protini hiyohiyo kwa mayai ni zaidi ya shilingi 35. Na nyuzinyuzi zake husaidia kushibisha. Nusu ya sahani ya ugali na bakuli hilo la maharagwe, kwa maoni yangu, inamfaa mkazi wa Kawangware au Kibera kuliko orodha yoyote ya parachichi na jibini, kwa sababu anaweza kuilipia hata tarehe 28.

Ila anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi asikate ugali ghafla kwa sababu amesoma makala haya. Dawa iliyopimwa kwa chakula cha jana inaweza kushusha sukari yake leo mpaka azirai. Apite kwanza kliniki yake, iwe Mbagathi au Riruta, dozi ipangwe upya.

Na yule mama wa kilo 80 aliyefika 72 na kusimama hapo, amepunguza asilimia 10. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotangazwa mwaka 2002 na kuhusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, uliwawekea waliobadilisha mwenendo wa maisha lengo la asilimia 7, na hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Yeye ameshalipita lengo hilo kwa zaidi ya kilo 2. Akizilinda kilo hizo nane kwa mwaka mzima bila kushusha moja zaidi, amefaulu, na asikubali mtu yeyote amwambie vinginevyo.